Hapo Mwisho Anapumua Vizuri

Kwako Dada mpendwa,

Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe pamoja na Shemeji na wapwa zangu, na kwamba lile goti lako limeacha kukusumbua. Ninyi wauguzi mna tabia ya kuhangaikia miili ya watu na kuisahau ya kwenu, kwa hiyo nakuuliza kwa makusudi, na ukinijibu usiliruke swali hilo. Sisi huku hatujambo. Mama anakula, ingawa kwa kubembelezwa, na ameanza tena kugombana na jirani wa ghorofa ya juu kwa sababu ya maji anayotumwagia kwenye nguo zilizoanikwa. Nimefurahi sana kumsikia akigombana, maana tangu msiba hakuwa na nguvu hata za kununa. Mimi kazi inaendelea, mgongo unauma kwa kukaa mbele ya mashine kutwa nzima, lakini nadunda.

Uliniomba nikukatie kipande cha mwisho cha ile filamu, pale Jabali anapomuaga mama yake mlangoni, ili uwe nacho kwenye simu. Ukasema picha si lazima, unachotaka ni sauti ya Kaka. Najua nimechelewa kukujibu na najua umeshanikasirikia, na una haki. Nilianza kukuandikia ujumbe wa simu nikaufuta, nikaanza mwingine nikaufuta, mwishoni nikaona hili si jambo la ujumbe. Nivumilie basi, maana siwezi kukupa jibu bila kukueleza kwanza mambo yalivyokwenda, na wewe ulikuwa mbali.

Unakumbuka siku Kaka alipopewa sehemu ya Jabali. Miaka yote pale studio, katika kuziingizia sauti za Kiswahili filamu za watu wengine, yeye alikuwa wa kupewa majambazi, walevi na wajomba wakorofi. Safari moja alimbwekea mbwa filamu nzima, na akajisifu kwamba ndiyo kazi pekee ambayo mkurugenzi hakumrudisha hata mara moja. Kwa hiyo alipoambiwa kwamba safari hii atakuwa steringi, shujaa mkuu wa filamu, alikuja nyumbani akamshika Mama mabega akamwambia kwamba amechoka kuuawa kabla filamu haijafika katikati, sasa ataishi hadi mwisho. Hakuwa ameisoma hadithi yenyewe. Alipoisoma akakuta kwamba Jabali, mwenye nguvu za kubeba daraja begani, anapungukiwa nguvu kidogo kidogo hadi anashindwa kufungua chupa, na mwishowe anafariki. Alicheka mpaka akakohoa. Alisema hata wakimpa ushujaa, watu hawa wamekula kiapo cha kumzika.

Wakati huo daktari alikuwa ameshamwambia kwamba moyo wake umepanuka na kwamba anatakiwa kupumzika. Pale studio alisema ni mafua. Mimi niliyekuwa nikimrekodi nilijua, na aliniapisha nisiseme. Tulirekodi sentensi moja, anaketi kwenye stuli, anaegemeza kipaji cha uso kwenye kile kistendi cha kuwekea maandishi, anahema, kisha ananipa ishara ya kidole kwamba tuendelee. Baadaye mimi nilibaki na mashine nikizikata zile pumzi. Nilizikata nyingi, Dada, ila nyingine zilikuwa ndani ya maneno yenyewe, na pumzi iliyo ndani ya neno huwezi kuitoa bila kulivunja neno.

Filamu ilipotoka kwenye majumba ya sinema nilimpeleka Mama. Kaka alibaki nyumbani kwa sababu ngazi zilikuwa zimeshamshinda. Pale Jabali anapopigana juu ya paa la kiwanda, watu walicheka. Nyuma yetu kijana mmoja aliwaambia wenzake kwamba huyu steringi anaongea kama mtu aliyepandisha mtungi wa gesi hadi ghorofa ya tano, na safu nzima ikaangua kicheko. Mama hakugeuka. Aliufungua mkoba wake, akaufunga, akaufungua tena, kama anayetafuta kitu.

Na huko mtandaoni watu waligawanyika kweli kweli. Kuna waliosema filamu ni ndefu na inasinzisha. Kuna walioapa kwamba hawajawahi kuona shujaa wa namna hii, shujaa anayechoka kama wao wanavyochoka wakitoka kazini. Wengine walisema shujaa gani huyu analialia, na wengi tu walisema sauti ya Kiswahili imeharibu kila kitu, eti studio imeokota mtu barabarani mwenye pumu. Jambo moja tu lilikubaliwa na wote, waliosifu na walioponda: kwamba pale mwisho, anapomuaga mama yake, yule mwigizaji wa sauti aliwatoa machozi. Mmoja aliandika kwamba ni kama walikuwa wamemficha yule mtu muda wote, wakamtoa dakika ya mwisho.

Kaka alitaka kusomewa. Mama akavaa miwani, akakaa kwenye ukingo wa kitanda, akawa anamsomea maoni na kuyaruka mabaya. Lakini Mama unamjua, uongo haumkai mdomoni. Alikuwa akifika katikati ya sentensi anakwama, kisha anasema huyu ameandika vibaya, haeleweki. Mwishowe Kaka aliichukua simu kwa upole akayasoma yote mwenyewe. Siku zilizofuata alikuwa haongei sana. Nilipomuuliza alisema anaiweka akiba sauti, asije akaambiwa tena ana pumu. Nilijitahidi kucheka na yeye. Iliniuma mno, na inaniuma hadi sasa ninapokuandikia, kwamba mtu alitumia pumzi zake za mwisho kuwafurahisha watu na wao wakamcheka kwa sababu ya pumzi hizo hizo.

Mengine unayajua. Alituacha kabla filamu haijatolewa kwa ajili ya kutazamwa nyumbani, na wewe ulimsindikiza kwa kuangalia kwenye simu ukiwa zamu.

Usilolijua ni kwamba, muda mfupi baada ya mazishi, wenye filamu walituma ujumbe studio wakisema malalamiko yamezidi, kwamba toleo la nyumbani lirekodiwe upya kwa sauti ya mtu mwingine. Mkurugenzi aliniita kwenye kikao kwa kuwa mimi ndiye niliyeshika mashine. Niliona Kaka anakwenda kuzikwa mara ya pili, na safari hii mimi ndiye nitakayepewa koleo. Kisha mjumbe waliyemtuma kwenye kikao akaomba achezewe kile kipande cha mwisho. Alisikiliza akiwa ameinamisha kichwa. Kilipokwisha akasema hawezi kumwondoa mtu aliyefanya hivi, na huwezi kumbakisha mtu mwisho wa filamu ukamweka mwingine mwanzo, kwa hiyo basi, filamu yote ibaki ilivyo. Wenzangu walinipongeza. Nilikwenda chooni nikajifungia nikalia, na waliponisikia walidhani ni furaha.

Siku filamu ilipopatikana kwa watazamaji wa majumbani, Mama aliwaalika majirani. Tuliazima viti. Kinyozi wetu wa mtaani alikuja na kukalia kiti cha Mama, kile kizuri, na hakuna aliyethubutu kumwondoa. Alikuja mwalimu wa hesabu wa nyumba ya pili, alikuja yule yule jirani wa juu mwenye maji yake, na watoto wakajaa sakafuni. Watoto walikaa mpaka mapigano yalipoanza kupungua, wakaondoka mmoja mmoja wakilalamika kwamba steringi hana nguvu. Kinyozi alitangaza kwamba shujaa akilia ameshakuwa jirani tu, na kwamba steringi akifa mtazamaji anastahili kurudishiwa kiingilio chake, utafikiri alilipa. Mwalimu alimkatalia, akasema hii ndiyo mara ya kwanza ameamini kwamba mtu mwenye nguvu za ajabu anaweza kuwa na mama. Wakabishana huku filamu inaendelea. Jirani wa juu alisema yeye amependa mapazia ya nyumba ile.

Mama muda wote huo alikuwa jikoni. Alisema anatengeneza chai, na kweli aliitengeneza, kisha akaosha vikombe ambavyo vilikuwa safi. Hakuweza kumsikiliza akihema. Alitoka tu nilipomwambia kwamba Jabali amefika mlangoni kwa mama yake. Alisimama nyuma ya viti vya watu, akiwa bado na kitambaa cha vyombo mkononi, na Jabali akasema maneno yale: Mama, leo usiniwekee chakula. Kula wewe, ufunge mlango, ulale.

Tangu siku ile, kila alasiri Mama anawasha runinga, anashika rimoti, anaipeleka filamu mbele hadi pale pale, anasikiliza, anarudisha, anasikiliza tena. Niliwahi kumuuliza kwa nini haanzi mwanzo, maana Kaka yumo filamu nzima. Aliniambia kwamba huko kwingine mwanawe anateseka, lakini hapo mwisho anapumua vizuri.

Dada, sasa nafika kwenye lile ninalolikwepa tangu mwanzo wa barua. Anapumua vizuri kwa sababu si yeye. Ni mimi.

Siku ya kurekodi kipande kile Kaka alijaribu, akajaribu tena, na kila alipofika kwenye neno Mama sauti ilimkatika. Mkurugenzi alikasirika, akatoka kwenda kula, akasema akirudi akute kazi imekwisha. Tukabaki wawili. Kaka alivua hedifoni akanivika mimi. Akaniambia nimalizie, kwa sababu katika simu hata Mama hutuchanganya, na wewe mwenyewe Dada umeshawahi kumsema Kaka kwa makosa yangu mpaka ukamaliza ndipo ukajua. Nilikataa. Akaniambia hataki kufukuzwa kwenye kazi ya ushujaa aliyoingoja maisha yake yote. Akaketi sakafuni karibu na mlango, akanipigia mwendo wa midomo ya Jabali kwa kiganja gotini, na mimi nikayasema maneno yale mara moja tu, bila kurudia, nikimwangalia yeye. Mkurugenzi aliporudi akasikiliza, akamgeukia Kaka, akamwambia hiki ndicho alichokuwa akimdai siku zote. Kaka akamshukuru.

Na hilo nalo si zito kama hili la pili. Siku ile Mama alipomsomea maoni, alipofika kwenye yale ya kusifu kipande cha mwisho aliyasoma kwa sauti kubwa, mara mbili mbili, amefurahi. Kaka alimwambia kwamba siku ya kurekodi kipande kile aliamka vizuri, kifua kilikuwa kimefunguka. Halafu akanitazama juu ya kichwa cha Mama, akaniuliza kama nakumbuka alivyoamka vizuri siku ile. Nikasema nakumbuka. Mpaka leo sijui alikuwa ananificha mimi nisijulikane, au anamlinda Mama, au alikuwa ametamani sana liwe lake hata likawa lake kweli. Alitabasamu, Dada. Lilikuwa neno pekee zuri alilopewa na watu wale wote, na halikuwa lake, na alilipokea.

Ndiyo maana siwezi kukutumia unachokiomba. Ungekuwa unanililia mimi, nami nipo, nakula na kunenepa. Badala yake nimekuwekea kipande kingine, utakipata kwenye simu pamoja na barua hii. Ni Kaka kati ya sentensi na sentensi, wakati mashine nilikuwa sijaizima. Anaomba maji. Anailaani ile stuli. Anasema viatu vya mkurugenzi vinaongea kuliko mkurugenzi mwenyewe. Anauliza kama umepiga simu, na kama wanao wanajua kwamba mjomba wao sasa ni steringi. Anahema mwanzo hadi mwisho, na wewe ni muuguzi, utasikia mengi ambayo mimi sikuyasikia. Kisikilize ukiwa umekaa, na usiwe zamu.

Mama hajui. Nimejaribu kumwambia, nikafungua mdomo, nikaishia kuuliza habari za chumvi. Nikimwambia nitakuwa nimemnyang'anya mwanawe mwenye afya na kumwachia mgonjwa tu. Nisipomwambia, naishi naye ndani ya nyumba hii nikiwa mwizi. Nakuomba ukija likizo tulikabili pamoja, tumwambie au tusimwambie, lakini liwe letu wawili. Peke yangu limenishinda.

Jana nilirudi mapema kutoka kazini nikamkuta amekaa kwenye kiti chake, filamu ikiwa pale pale. Nilisimama mlangoni navua viatu, nikamuuliza kama amekunywa dawa za presha. Aliinua mkono bila kugeuka, akaniambia ninyamaze, namzibia sauti ya mwanawe. Nikanyamaza, kiatu kimoja mkononi, mpaka alipomaliza kumsikiliza.

Nisalimie Shemeji, na wapwa zangu waambie mjomba wao mdogo anawapenda hata kama hajawa steringi. Mama anakusalimu sana, anakutaka uvae nguo nzito kazini na uache kuruka chakula cha mchana. Kinyozi na mwalimu nao wanakusalimu, bado wanabishana. Usikawie kunijibu, Dada, na ukijibu, andika kwa anwani ya kazini.

Ni mimi mdogo wako ninayekuheshimu,

Kitindamimba