Bunduki Uliyoilainisha, Fundi Athmani

Fundi Athmani, rafiki yangu,

Ni Jumapili mchana. Nimetoka kanisani, nimekaa hapa nyumbani Woodley na kalamu mkononi, kama mtu aliyesahau kwamba huko uliko hakuna posta. Mke wangu ameniuliza namwandikia nani. Nimemwambia, Athmani. Ameniletea chai.

Juzi nilipita mjini kwenye karakana yako. Sasa ni duka la viatu. Miezi michache baada ya kukuzika, serikali ilipiga marufuku uwindaji, na wale wateja wako wa safari wakatawanyika na bunduki zao. Sisi askari wa wanyama ndio tumebaki na zetu. Bi Zuhura amehamia kwa binti yenu Parklands. Jiliwa lako, lile la kubania vyuma, amekwenda nalo, amelifunga kwenye meza ya veranda, na mtu akilitaka anamwambia hatoi.

Nilisimama mbele ya viatu vile nikakumbuka siku ya kwanza. Nilikuja na bunduki yangu ya kazi nikiwa na hasira. Ukivuta bolti, kile chuma cha kuingizia risasi, inakwama katikati. Ukiisukuma irudi, risasi inakataa kuingia. Nilidhani utachukua tupa uanze kukwangua. Wewe ulinipa kiti ukasema, "Njoroge bwana, fumba macho, uifungue na kuifunga. Mimi nasikiliza."

Nilifungua, nikafunga. Uliinamisha kichwa kama mtu anayesikiliza redio ya jirani. Halafu ukasema kosa la kwanza ni mkono wangu. "Unainua na kuvuta kwa pamoja, kwa hiyo chuma kinalala upande. Inua mpaka mwisho. Ndipo uvute, moja kwa moja. Na usiibembeleze."

Kosa la pili lilikuwa la chuma chenyewe. Ulipaka bolti masizi ya kibatari, ukairudisha mahali pake, ukaiendesha mbele na nyuma, ukaitoa. Pale masizi yalipofutika palikuwa panang'aa. Ukanionyesha: hapa inakwaruza, na hapa. Ukachukua jiwe lako laini lenye tone la mafuta, ukasugua pale tu, kidogo, ukapaka masizi tena. Nilitaka usugue kote tumalize. Ulinikatalia. Ulisema bolti iliyosuguliwa kote inalegea, inachezacheza ndani, na iliyolegea hukwama upesi kuliko ile ngumu. Na yale masikio mawili ya mbele, yanayofunga bolti baruti ikilipuka, hukuyagusa kabisa. "Hayo ndiyo yanayokulindia uso wako," ukasema.

Kazi ile ilikwenda siku kadhaa. Ulinyoosha midomo iliyopinda ya magazini, kile kisanduku cha risasi, ukabadilisha springi iliyochoka, ukazitupa kando risasi zangu zilizobonyea. Mafuta ulipaka kidogo sana, ukaniambia mengi hukusanya vumbi. Halafu, nilipodhani tumemaliza, ulinipa maganda matupu ya risasi uliyoyatia vichwa vya mbao, ukaniketisha nifanye mazoezi huku ukichemsha kahawa. Bunduki begani, bila kuishusha. Kila nilipoishusha ulikohoa. Mungu wangu, jinsi ulivyokuwa ukikohoa!

Lakini ilikuja siku, Fundi, nilipovuta na sikusikia kitu chochote kinachogusa kingine. Iliteleza. Nilikutazama, nawe ulikuwa umeshatabasamu kabla sijageuka.

Halafu ule mbogo wa kule Dagoretti. Nilikuhadithia, lakini sikukuhadithia vizuri. Alikuwa ametoka msituni na waya wa mtego umemkata mguu, amewehuka kwa maumivu. Tulikwenda asubuhi, mimi na mwenzangu Mutua. Tulidhani watu wote wameondolewa shambani. Kumbe mama mmoja alikuwa bado kwenye mahindi, mzigo wa majani mgongoni, kamba kichwani, yeye mwenyewe hatuoni wala hatusikii. Mbogo alimwona kabla yetu.

Nilipiga. Nilimpata, lakini hakuanguka. Aligeuka akanijia mimi. Kando yangu nilimsikia Mutua akipigana na bolti yake, akiitukana kwa Kikamba. Mimi sikumbuki kuivuta yangu. Sikumbuki kuinua mkono. Nakumbuka tu kwamba macho yangu hayakumwacha yule mnyama, na risasi ya pili ilikuwa tayari imeingia. Alianguka karibu nami kiasi kwamba vumbi lake lilinijaa mdomoni. Yule mama alikuwa amekaa chini, mzigo wake bado mgongoni, akimwita Mungu, "Ngai, Ngai."

Nilikuja kwako moja kwa moja na nguo zile zile. Nilipomaliza kukuhadithia, swali lako la kwanza lilikuwa, "Na yule mama?" Nilipokuambia ni mzima, uliketi juu ya kreti ukafunika uso kwa mikono yako ile yenye mafuta. Nilijua wewe ni fundi hodari. Siku ile nilijua kwamba kwa kila bunduki uliyoigusa ulikuwa unamwona mtu mbele yake.

Nimalizie na habari ya hospitali, maana mwisho wake hukuuona. Siku ya mwisho nilipokutembelea, sauti ilikuwa imekuishia, lakini mlango wa wodi ulipolia uliukunjia uso. "Njoroge, niletee mafuta. Huo mlango utaniua kabla ya ugonjwa." Kesho yake nilikuja na kichupa. Kitanda kilikuwa kimeshatandikwa. Nesi alinikuta nimepiga magoti kwenye bawaba, natia mafuta, natokwa na machozi. Aliufungua mlango na kuufunga, polepole, mpaka ukanyamaza.

Mwezi ujao nastaafu. Bunduki inakwenda kwa askari mpya, Lekasi, kijana mwenye nguvu nyingi anayevuta bolti kama anang'oa mti. Nakuahidi sitamkabidhi na kuondoka. Nitakaa naye nyuma ya ofisi, afumbe macho, na nitakohoa mpaka anichukie.

Bi Zuhura nitamwangalia. Kwaheri, Athmani. Mola wako akupokee kwa upole.

Mimi rafiki yako,
Njoroge