Sarafu Niliyoisugua kwa Majivu

Mujukuu wangu Furaha,

Ninakusalimia mingi kutoka kambi ya Nakivale. Shangazi yako amejifungua mutoto mwanaume, na mihogo imekubali.

Unauliza kama sarafu yako inayong'aa kama kioo ilichongwa herufi mbili-mbili kweli, ao mashini iliteleza tu. Baba yangu aliniachia moja ya namna hiyo. Alisema chapa ya kiwandani, kile chuma cha kupigia sarafu, ilichongwa mara mbili, na watu bakamucheka. Tulipofika huku nikaipeleka Mbarara, kwa muzee wa mutaa wa Kamukuzi mwenye kukusanya sarafu, aseme ukweli. Kwanza niliisugua na majivu kama sufuria, asituone wakimbizi wachafu.

Alichungulia na lenzi, akaniuliza:

"Muzee, nani alisugua hii?"

"Ni mimi! Hakuna wa kunishinda."

"Pole sana. Herufi ya pili ya kweli inasimama, iko na pengo kwa pembe. Ile ya mashini kuteleza inalala bapa kama kipandio cha ngazi. Sasa wewe umelalisha zote. Siwezi kujua."

Nikaifunga ndani ya kitambaa, nikapanda gari ya kurudi Nakivale.

Basi yako usiipanguse. Iinamishe kwenye mwanga, uangalie kwanza.

Ile ya baba ninayo mpaka leo. Ilichongwa mara mbili. Anayebisha aje hapa.

Ni mimi babu yako