Bibi Apolonia Nzowa wa Hasamba: Mwaka Bila Kicheko Chako

Mwaka umetimia, Bibi, tangu utuage pale Hasamba, watu wakiwa ndio kwanza wanaanza kuchuma kahawa. Mibuni yako imezaa tena, ila hakuna wa kuigombeza kama ulivyokuwa ukiigombeza wewe.

Ulizaliwa tarehe tisa Februari. Padri akatazama kalenda ya watakatifu, ukawa Apolonia. Ni jina la Kigiriki, ulipenda kutueleza, lililotokana na Apolo, mungu wao wa zamani, mpaka Mtakatifu Apolonia, mama mzee wa Aleksandria, alipolitakasa. Watesi walimvunja meno yote, naye hakumkana Kristo. Ndiyo maana walioumwa jino walikukimbilia, hata Wamoravian, wasioomba watakatifu, hawakubaki nyuma. Uliwapa maji ya chumvi wasukutue, ukamwomba mtakatifu somo wako, kisha ukawafukuza waende hospitali.

Nawe mapengo yalikujaa. "Somo wangu alivunjwa meno kwa imani," ulisema, "mimi yangu yamekwisha kwa miwa!" Ukacheka mpaka ufizi wa mwisho ukaonekana.

Kisha ikaja sendofu ya kumuaga mjukuu wako Brenda, binti wa mwanao Zabron, kabla ya harusi yake, pale Tunduma. Wakwe walivuka mpaka kutoka Nakonde, wamependeza kwelikweli. Watson, mpiga picha, akakuketisha karibu na bibi harusi. Brenda akakuinamia sikioni.

"Bibi, naomba ufumbe mdomo. Watu wanaangalia."

"Haya, mama," ukasema, ukavuta kanga mdomoni.

Hukuishusha tena. Juzi tulipotafuta picha ya tangazo hili, tulitoa za Pasaka, za ubatizo wa vitukuu, za mavuno. Kote kanga iko mdomoni. Brenda alizitazama, akatoka nje, akasimama nyuma ya jiko akilia kwa aibu. Ulibeba jina la mtakatifu anayeheshimiwa kwa meno aliyovunjwa, na Brenda ndiye aliyekufanya uyaonee haya mapengo yako. Na wa kumwomba radhi ameshalala. Majuto ni mjukuu, wahenga walisema, na safari hii mjukuu ni yeye mwenyewe.

Akapanda bodaboda hadi Mpemba kwa Watson. Kwa bahati, picha aliyoipiga kabla Brenda hajakuinamia bado alikuwa nayo. Ndiyo hiyo hapo juu. Unacheka, kinywa wazi, macho umeyafumba kwa raha. Kando yako Brenda ametazama pembeni, uso kaukunja.

Watson alimwonea huruma. "Dada, nikutoe? Nakata hapa tu, anabaki bibi peke yake."

"Niache hivyohivyo," Brenda akamjibu. "Watu waangalie."

Unakumbukwa na wanao Zabron na Tulinagwe, mkweo Imelda, wajukuu na vitukuu wa Hasamba, Mpemba na Nakonde, majirani uliowasukutulisha meno, na Brenda.

Somo wako akupokee, Bibi. Sisi tutakukumbuka daima, ukicheka.