Kokoto Tatu Ndani ya Kopo

Jumapili, 1 Juni 1986

Kanisani, ugali, vyombo. Mama amekwenda Mwigobero kutafuta dagaa. Baba yuko nyuma ya nyumba, anatikisa kopo.

Siku ya tatu leo. Anatia kokoto tatu za ziwani badala ya barafu, anafunga kifuniko, anatikisa juu ya bega la kulia. Majirani hapa Bweri wanadhani kaingiwa na kitu. Mimi napita nimeinama kama vile simjui. Aibu tupu. Halafu naona aibu kwa kuona aibu.

Kopo ni lile la kuchanganyia vinywaji, la chuma kinachong'aa. Alikuja nalo kutoka Kisumu, mpaka wa nchi ulipofungwa na sisi tukarudi na sanduku moja. Miaka tisa Mama amelifanya la chumvi. Ijumaa Baba akamwaga chumvi yote kwenye bakuli bila kuomba ruhusa. Mama akamtazama tu. Kutazama kwake huko kunajulikana.

Sababu ni Mama Atieno. Anafungua gesti na baa kule Bunda. Amesikia Baba alikuwa fundi kaunta, mchanganya vinywaji, hotelini Kisumu. Jumamosi ijayo, siyo hii ya tarehe saba, ile nyingine, anataka aonjeshwe vinywaji vitatu. Akiridhika, kazi ni ya Baba.

Leo anapiga mluzi. Sijamsikia akipiga mluzi tangu nikiwa darasa la pili.

Jumanne, 3 Juni

Nimeota Kisumu. Sijui kama ni ndoto au ni kumbukumbu iliyovaa nguo za ndoto.

Nilikuwa na miaka saba. Nikitoka shule nilikuwaga nakaa juu ya kreti mlangoni mwa jiko la hoteli, nakariri mashairi ya Kiingereza niliyofundishwa, namsubiri. Baba na koti jeupe. Tai nyeusi ya kipepeo. Wageni wanamwita kwa jina lake, yeye anaitika kwa kuinamisha kichwa kidogo. Kisha barafu. Alinifundisha kuisikiliza: ikiwa bado kubwa, inasema kwa sauti nene. Ikianza kuyeyuka sauti inakuwa nyembamba. Hapo ndipo unamimina. Si kabla, si baada.

Tulikuwa na redio. Tulikuwa na mkate wa kukatwakatwa. Nilikuwa na viatu vyeupe. Miaka ya foleni ya sabuni ilikuwa bado haijaja.

Sasa sabuni imerudi madukani. Sukari ipo. Kanga mpya zipo. Watu wanasema mambo yamefunguka. Nimemuuliza Baba kama na Kisumu itarudi. Akacheka. Swali la kitoto. Najuta kuuliza.

Alhamisi, 5 Juni

Nimegundua jambo na sijui nilifanye nini.

Mama aliacha maziwa motoni, Baba amekaa hatua moja kutoka jikoni. Mimi niko kisimani. Nilisikia harufu ya kuungua tangu kwenye mti wa mpapai. Nimekimbia. Maziwa yamekuwa meusi chini, moshi umejaa, Baba ametulia anapangusa kopo.

Nikakata kitunguu. Nikamwekea chini ya pua. Hakuna kitu. Macho yalilengwa na machozi, lakini pua haikujua kwa nini.

Akasema, "Tangu yale mafua ya masika ya mwaka jana. Pua imekufa. Na ulimi umeifuata."

Mwaka mzima amekula chakula cha Mama na kusema kitamu.

"Usimwambie Mama Atieno, Wakuru. Hata mama yako usimwambie. Mkono bado unajua. Vipimo viko kichwani. Nikopeshe ulimi wako wiki moja tu."

Nimekubali kabla hajamaliza. Kisha nikakumbuka kwamba mwezi wa nne, mbele ya kanisa zima, niliinua mkono na kwaya ya vijana kuapa kwamba pombe haitagusa midomo yangu.

Jumamosi, 7 Juni

Butiama kwa Bibi. Vinywaji vikali vya dukani havijafika Bunda, na Mama Atieno amesema njoo na ulicho nacho. Tulicho nacho ni gongo ya Bibi.

Bibi anapika ya mtama na muhogo, nyuma ya zizi. Pipa, bomba, karai la maji baridi. Inadondoka nyeupe kama maji ya mvua. Kikombe cha kwanza anakimwaga chini kila mara, hata wateja wakilia. Anakinusa kwanza, anatikisa kichwa, anakimwaga. Hicho kinapofusha. Kuna mtu wa ng'ambo ya bonde alikinywa kwa ubishi, sasa anashikwa mkono kwenda chooni.

Nimemuuliza Baba tofauti ya gongo na wiski. Kasema ni ndugu wa tumbo moja. "Mzungu anaifungia kwenye pipa la mti miaka kumi, inatoka na rangi na adabu. Sisi hatuna pipa wala subira."

Bibi ananisemesha Kizanaki. Nasikia vyote. Kujibu siwezi. Nina Kiswahili cha shule na Kiingereza cha shule, lugha ya bibi yangu imenipita pembeni. Nikijaribu, watoto wa shangazi wanaanguka kwa kicheko. "Mzungu wa Bweri! Sema tena!" Sikusema tena hadi tunaondoka.

Tumerudi na kibuyu kimoja na asali.

Jumatatu, 9 Juni

Mama yuko sokoni. Tumeanza.

Naandika hapa kwa sababu siwezi kuliandika hili popote pengine. Nimeonja. Ncha ya ulimi, nikatema. Nikaonja tena. Jana niliimba sauti ya pili, leo natema gongo kwenye migomba.

Inachoma. Halafu nyuma ya moto kuna mtama, kama ghala la Bibi baada ya mavuno. Nilimwambia Baba hivyo. Akafumba macho. "Endelea. Nini kingine?" Nikamweleza kila kitu kama namsomea kipofu barua.

Cha kwanza: gongo, ndimu, asali. Cha pili: gongo, ukwaju, tangawizi. Cha tatu ni chake mwenyewe: chai ya rangi iliyopoa, kali, na sukari iliyounguzwa kidogo, juu ya gongo. Ikawa na rangi ya wiski. Baba akasema tumeizeesha miaka kumi kwa dakika tano.

Nilicheka mpaka nikakaa chini. Sijawahi kucheka hivyo na Baba, labda Kisumu. Dhambi yangu ina furaha ndani yake. Hilo ndilo linalonitisha.

Ijumaa, 13 Juni

Vipimo viko tayari. Baba anavirudia kama sala.

Nimeosha chupa tatu kwa majivu na kumimina gongo. Haraka haraka, maana Mama alikuwa anarudi. Nimezinusa zote. Nimeziziba kwa magunzi ya mahindi. Mikono yote ilikuwa inanuka tangawizi tu.

Jumamosi, 14 Juni

Sijui nianzie wapi.

Tumefika Bunda saa nane mchana, chupa chini ya kisamvu kikapuni. Gesti ina rangi mpya. Mama Atieno ni mwanamke wa Shirati, mrefu, ana kicheko cha kujaza chumba. Alikuwa na mabwana wawili, wanunuzi wa pamba. Akanipa mkono. Nilitazama miguu yake.

Ana friji la mafuta ya taa. Na ndani ya friji, barafu.

Baba alivaa koti lile jeupe la Kisumu. Limempwaya mabegani. Akatia barafu kwenye kopo, akafunga, akatikisa. Sauti ile. Miaka tisa. Nikawa tena mlangoni mwa jiko na viatu vyeupe.

Cha kwanza wakasifu. Cha pili mmoja wa mabwana akaomba tena. Kwa cha tatu Baba akang'oa gunzi la chupa ya tatu.

Harufu ya mafuta ya taa. Nilidhani ni friji. Nikasogea hatua moja. Siyo friji. Ile ilikuwa chupa tunayowekea mafuta ya taa nyumbani. Niliosha chupa ya taa. Mimi.

Baba akapima. Akatia chai. Akatia barafu. Anatikisa na anatabasamu, hajui. Mama Atieno amenyoosha mkono kupokea. Na mimi mdomo umefungwa kama umeshonwa. Nikisema kwa Kiswahili wamesikia wote. Kiingereza mabwana wanajua. Sauti ya barafu ikaanza kuwa nyembamba. Ikifika hapo anamimina.

Akamimina.

Nikasema kwa Kizanaki, ambacho pale ni Baba tu angekielewa. Kwa nguvu, mbele za watu. Kwamba kuna mafuta ndani, baba, yamwage. Niliyavuruga maneno kama mtoto wa miaka mitatu. Watoto wa shangazi wangekufa kwa kicheko.

Baba hakunitazama. Alichukua glasi, akatoka nayo mlangoni taratibu, akaimwaga yote mchangani, kama wazee wanavyowagawia waliotangulia.

"Mzee! Glasi nzima?" Mama Atieno akapaza sauti. "Wazee wako wana kiu hivyo?"

"Hawajanywa cha baridi tangu wafe," Baba akajibu.

Wakacheka wote. Akasuuza kopo, akakichanganya upya cha tatu kwa gongo iliyobaki kwenye chupa ya kwanza. Mama Atieno akaonja, akafumba macho. Akasema neno moja: Kisumu. Aliwahi kufika pale hotelini, kumbe, kwenye harusi.

Kazi ni ya Baba. Kuanzia mwezi ujao.

Njiani nilimwambia ile chupa ni kosa langu. Akanishika kichwa tu.

Jumapili, 15 Juni

Sikuimba. Nilisema koo linauma.

Baba anataka kurudi Bunda kumwambia ukweli. Nimekasirika, sijawahi kumkasirikia hivi. Nilivunja kiapo kwa ajili yake. Niliongea mbele za watu kwa ajili yake. Na sasa anataka kuitupa kazi yenyewe.

Nilimwambia hivyo hivyo. Mimi, ambaye sijibu hata nikiulizwa jina.

Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha: "Jana yalikuwa mafuta ya taa. Kesho mtu ataniletea kile kikombe cha kwanza, kile anachomwaga bibi yako, nami nitamtilia ndimu nimpe mtoto wa mwenzangu. Na wewe utakuwa shule."

Nikachukua ndoo nikaenda kisimani. Njiani nilitafuta la kumjibu.

Jumatano, 18 Juni

Amekwenda, amerudi. Ametuambia mezani, mimi na Mama pamoja.

Mama Atieno amesema mchanganyaji asiye na pua hawezi. Lakini amempenda kwa kuja mwenyewe. Atamchukua afungue bia na soda. Koti jeupe avae akipenda. Kuchanganya, hapana.

Baba amekubali.

Mama akauliza, polepole, "Mwaka mzima hukuwa unasikia ladha ya chakula changu?" Baba akasema alikuwa anakikumbuka. Mama akainuka akaenda jikoni, akakaa huko muda mrefu. Hakuna kilichokuwa kinapikwa.

Nilimfuata huko, nikamwambia kuhusu ulimi wangu na kiapo. Yote. Hakunipiga. Alisema hilo ni la mimi na Mungu, ila migomba imekosa nini.

Jumatatu, 30 Juni

Baba ameondoka asubuhi na lori la pamba. Alivaa koti. Mama amelipunguza mabegani.

Shule inafunguliwa wiki ijayo. Nimefua sare. Nimefunika madaftari.

Nilipotandika kitanda nimekuta kopo chini ya mto wangu. Limesuguliwa mpaka naona meno yangu. Kokoto tatu zimo ndani.

Mama alikuwa ameshazoea chumvi kwenye bakuli. Hakulidai kopo.

Nimekwenda nyuma ya nyumba. Maji ya mtungi, ndimu, asali ya Bibi. Nimefunga kifuniko. Juu ya bega la kulia. Jirani alipita akanitazama, nami sikuinama.

Nikasikiliza nijue saa ya kumimina. Sauti ilibaki nene vilevile. Kokoto haziyeyuki. Nikatikisa hadi mkono ukachoka, kisha nikamimina vikombe viwili, changu na cha Mama.