Ungo Aliouvunja Zawadi

Dada yangu,

Shikamoo. Na shemeji mfikishie shikamoo yake. Mgongo wako unaendeleaje? Maji ya mto yameshaondoka shambani hapo Mofu? Mimi huku kwenye mashamba ya miwa ni mzima. Nachoka tu.

Naandika kwa mkono kwa sababu simu ni ya shemeji, na haya ni yako wewe na mwanangu Zawadi.

Ule ujumbe uliosema "Zawadi amevunja ungo" niliusoma mapumziko ya palizi, jasho likiniingia machoni. Nikajibu: "Asipigwe. Nitanunua mwingine." Nikaenda kumaliza mstari wangu wa miwa. Dada, sikufanya mzaha. Nilimwona mtoto amekalia ungo wa kupetea mchele, ukavunjika. Kichwani mwangu bado ana miaka tisa, kama nilivyomwacha.

Jumapili tulikuwa tunachagua mawe kwenye mchele. Neema, binti wa mwenye nyumba, anasoma chuo. Akawa anatusimulia kitabu cha Kiingereza alichoandika mwanamke mweusi wa Marekani. Kuna binti analelewa na bibi yake, mama yuko mji wa mbali anafulia watu nguo. Siku damu ilipomtoka mara ya kwanza, binti alidhani anakufa. Akajificha kwenye banda la kuku mpaka jioni.

"Kwani weusi wa huko hawana somo wa kumfunda mwali?" akauliza Mama Shija, ninayepanga naye chumba.

"Hawana," akajibu Neema. "Labda ndiyo maana wanawake wao wanaandika vitabu."

"Basi kitabu ndiye somo yao." Mama Shija akacheka. "Mtoto wa watu kavunja ungo peke yake na kuku."

Hapo ndipo nilipoelewa. Siku tisa zilikuwa zimepita. Nikaendelea kuchagua mawe. Sikulia, na sasa naandika silii. Sijui kwa nini.

Kitabuni, mama alirudi binti akiwa mtu mzima. Binti akampa kiti, akamuuliza kama kasafiri salama, kama mgeni. Neema alisema hapo ndipo penye uzuri. Mimi sikuuona.

Najua mama hamfundi mwanawe. Hiyo ni kazi yako na shangazi yake, mfundeni. Ila msimtoe ndani kabla sijafika. Nimeomba ruhusa, msimamizi akasema, "Msimu huu? Ukienda, usirudi." Nakuja Jumamosi. Barua hii anatangulia nayo mama muuza dagaa anayekuja huko kesho.

Zawadi mwambie sikumcheka. Kama amekasirika, akae na hasira zake, nitamkuta nazo.

Nisalimie mama yetu mdogo anayekulimia bustani, na jirani fundi baiskeli, na shangazi wa mtoto.

Ungo nimeununua kweli. Nitaubeba mwenyewe.

Mdogo wako,
Mama Zawadi