Chumba Namba Nne, Kitanda cha Chini

Masimba, kupitia Keroka
6 Agosti 1973

Mpendwa Bi Ubah,

Naomba msaada wako, na nakuomba usiikate barua hii katikati kama ulivyoikata gazetini ile ya yule mama wa mbuzi wawili mwezi uliopita, maana yangu ukiikata utabaki na mwanzo usio na aibu, na aibu yenyewe iko mwishoni. Jina langu usilitaje. Mimi ni mke wa Mwalimu Ratemo, ambaye amefundisha shule yetu ya msingi miaka ishirini na mmoja bila cheti, na ni mama wa Machogu, kijana wa kwanza wa kanisa letu kuitwa Chuo Kikuu, kile kikubwa cha Serikali kule Nairobi, kusomea udaktari wa mifugo, na barua ya kuitwa ilipofika mume wangu alisimama mbele ya kanisa siku ya Sabato akaisoma yote, pamoja na namba ya simu ya chuo, na watu wakasema amina.

Kwa hiyo kila mtu amekwisha kutoa. Mzee wa kanisa ametoa blanketi, akina mama tunaokutana nao kituo cha majani chai wametoa sahani, kikombe na kijiko, na fundi Nyasani ametengeneza sanduku la bati akaliandika kwa rangi nyeupe MACHOGU CHUO KIKUU, herufi kubwa hata ukilibeba begani mtu wa ng'ambo ya mto anasoma.

Lakini Machogu mwenyewe hataki. Ameniambia mimi peke yangu, jikoni, akinimenyea ndizi, jambo ambalo hajalifanya tangu atahiriwe, nikajua kuna neno. Kumbe ameomba kwa siri nafasi katika chuo kidogo cha kanisa letu, ng'ambo ya Nyamira, chenye wanafunzi sitini na wawili na ng'ombe kumi na mmoja, na wamemkubali. Anasema, "Mama, pale mkuu wa chuo anakujua hata kwa kikohozi. Kule Nairobi nitakuwa namba." Mwaka jana shule yao iliwapeleka kukitazama hicho Chuo Kikuu, naye akapotea ndani ya jumba moja, akaingia ukumbi uliojaa watu akidhani wenzake wako humo, mlango ukafungwa, na kwa sababu aliona haya kusimama akakaa saa nzima akifundishwa sheria za mirathi za Warumi wa kale. Mpaka leo ana kurasa tatu za maandishi ya somo hilo, na ukimwuliza atakueleza vizuri sana nani hurithi nini. Nikamwuliza kama hicho chuo kidogo kinafundisha udaktari wa ng'ombe. Akasema hapana, kinafundisha ualimu, uchungaji na ufugaji. Nikamwambia kufuga unajua. Akaendelea kumenya. Na huyu, Bi Ubah, ndiye mtoto aliyelia siku tatu ng'ombe wetu Sabato alipofiwa na ndama wa pili kwa ndigana, homa ile ya kupe, akaapa kwamba wa tatu hatakufa.

Kama mambo yangeishia hapo nisingekusumbua. Mume wangu naye ana siri. Hicho chuo kidogo kimefungua darasa la miaka miwili kwa walimu wazee wasio na cheti, na mwezi wa nne Mwalimu aliomba nafasi. Alinieleza mimi tu, akasema nisimwambie hata paka, kwa sababu akikataliwa wale watoto wa darasa la saba watamwimbia. Usiku na mchana ni kuuliza barua. Kila nikitoka Keroka ananitazama mikono kwanza.

Sasa sikiliza. Barua ya Machogu ya chuo kidogo ilisema atakaa chumba namba nne, kitanda cha juu. Wiki moja baadaye Mwalimu alishikwa na homa nikaenda posta mimi, nikapewa bahasha yenye muhuri uleule na jina la mume wangu juu yake. Niliifungua kwa mvuke wa birika. Najua ni vibaya. Kiingereza changu ni cha darasa la sita, lakini namba naijua. Wamemkubali. Chumba namba nne, kitanda cha chini.

Bi Ubah, wewe umekaa mjini Kisii na watu wetu, unajua chinsoni. Baba na mwana aliyekwisha tahiriwa wana heshima yao. Hawavuliani nguo mbele ya macho, hawaogi mahali pamoja, mwana hakalii kitanda cha baba, na maneno ya utani yakianza mmoja huondoka. Hata mambo ya nyumbani mimi ndiye ninayeyachukua, natoka verandani naingia jikoni, "baba yako anasema," "mtoto wako anasema," mpaka kizingiti kimelika. Sasa niwapeleke kulala kitanda juu ya kitanda, miguu ya mwanangu ikining'inia mbele ya uso wa baba yake? Na bafu la chuo hicho Machogu ameliona, ni mabati manne na bomba moja. Wale wakuu wa chuo waliona Ratemo Onchiri na Machogu Ratemo, wote wa Kisii, wakasema hawa ni ndugu, watafurahi kukaa pamoja.

Nikafikiri, nikimpa Mwalimu barua yake atafurahi, kisha atasikia mtoto anakwenda kulekule, naye atamwachia nafasi, maana mkubwa humpisha mdogo, na hataomba tena. Nikimwambia Machogu kuhusu baba yake, atakwenda Nairobi kwa kulazimika na kukaa katika kumbi za watu akisoma mirathi. Basi nikaichukua ile barua ya Mwalimu nikaiweka ndani ya debe la unga wa wimbi, chini kabisa. Imekaa humo siku kumi na tisa. Tunapika obokima, ugali wetu, tukiishukia.

Mwalimu ameacha kuuliza. Juzi alichukua kalamu yake ya wino, ile aliyopewa na mkaguzi wa shule mwaka tuliopata Uhuru, akanipa nimpe Machogu, akasema, "Mwambie aende nayo Nairobi, mimi sina kazi nayo tena." Nilikwenda nyuma ya nyumba nikalia mpaka mama mkwe wangu, Nyanya Nyangate, akauliza kama ni vitunguu. Yeye hafungwi na chinsoni, anataniana na Machogu habari za wasichana mpaka mimi nakimbia kutafuta kuni.

Chuo kikubwa na kidogo vyote vinataka majibu kabla ya tarehe thelathini na moja. Binti zangu wawili wameolewa, hakuna wa kumwuliza. Jioni napika nikimsikia mmoja verandani akisahihisha madaftari na mwingine akisoma kwa sauti chini ya migomba, nami katikati nimenyamaza na debe langu. Niambie nani aende wapi. Na pia niambie barua ikitolewa kwenye unga husafishwa vipi.

Ni mimi,
Mama mwenye debe

*

BI UBAH ANAJIBU

Mama wa Masimba, pole. Hiyo pole ishike vizuri kwa sababu sina nyingine.

Umeniomba nisitaje jina lako, kisha ukataja la mume, la mtoto, la mama mkwe, la fundi wa bati na kijiji chenu. Nimeyabadilisha yote, isipokuwa la ng'ombe, ambaye hasomi gazeti.

Wewe umefungua barua ya mtu kwa mvuke. Umeificha siku kumi na tisa, na nikijumlisha siku za posta na za mpiga chapa, unaposoma haya ni siku thelathini na moja. Mwezi mzima umemtazama mtu mzima, mwalimu, akijiona amekataliwa, na wakati wote huo jibu la "ndiyo" lilikuwa hatua sita kutoka kiti chake. Halafu unaniuliza habari za kupangusa unga. Unga utatoka kwa kitambaa kikavu. Huo mwezi mmoja hautatoka, lakini atakusamehe, kwa sababu aliyefundisha watoto wa darasa la kwanza miaka ishirini na mmoja ameshasamehe makubwa kuliko hayo.

Sasa habari ya chuo kikubwa na kidogo. Wazazi wananiandikia kila mwaka: Bi Ubah, kipi bora? Mimi ni mwuza vitambaa. Mteja akiingia dukani akaniuliza achukue kikubwa au kidogo, namwuliza kwanza, unashona nini? Mwanao anataka kutibu ng'ombe. Chuo kidogo ni kizuri, wanakujua kwa kikohozi, nami sikidharau hata kidogo. Lakini kitamfundisha kumkamua Sabato, na Sabato hakupungukiwa na mkamuaji. Alifiwa na ndama wawili. Mwenye elimu ya kuwaokoa yuko Nairobi, katika hizo kumbi zilizojaa. Na mume wako anataka cheti cha ualimu, na cheti hicho kipo palepale penye watu sitini na wawili. Kila mmoja na kitambaa chake. Hata bila chinsoni jibu lingekuwa hilohilo.

Unasema kijana anaogopa wingi wa watu. Mama, kijana huyu aliingia ukumbi usio wake, somo lisilo lake, katikati ya watu asiowajua, na akatoka na kurasa tatu. Wapo wanaolipiwa kusoma sheria wasiotoka na mstari. Huyo hakushindwa na wingi. Ana haya tu, na haya hupungua mtu akipata rafiki mmoja wa kula naye. Hata hivyo mimi si mama yake, na wewe si posta yake. Aulizwe. Lakini aulizwe akijua yote, si nusu uliyompimia wewe.

Nani amwulize? Si wewe, umeshachoka na kizingiti chako. Wala si baba yake, kwa kuwa wataongea habari za mvua. Nimeishi Kisii tangu nilipoolewa hapa, na jambo moja nililojifunza kwa watu wenu ni kwamba mlipoweka ukuta kati ya baba na mwana hamkusahau mlango. Mlango ni nyanya. Yuko hapo uani kwako, anataniana na mjukuu habari za wasichana, na wewe unamkimbia kwenda kutafuta kuni. Mpelekee Nyanya Nyangate uji, mweleze yote, umwachie Machogu jioni moja. Atamwambia kwamba baba yake naye anakwenda shule, na nadhani mtacheka siku nzima.

Kijana akishikilia bado kwamba ni chuo kidogo, basi aende. Andika mstari mmoja kwa mkuu wa chuo: hawa ni baba na mwana, kwetu hawalali chumba kimoja, tafadhali mmoja ahamishiwe namba tano, na kuoga wapishane. Mkuu wa chuo cha kanisa ambaye amekaa Nyamira atalielewa hilo kabla hajafika nukta.

Na hapa nakusimamisha, mama. Uliniandikia mimi kurasa nane. Huo mstari mmoja kwa nini hukuuandika? Nimesoma barua yako mara mbili nikiutafuta, dukani, wateja wakinisubiri. Kila mtu humo anataka kitu. Mwalimu anataka cheti, Machogu anataka kujulikana jina, kanisa linataka sanduku lisomeke ng'ambo ya mto. Wewe hukusema unataka nini, isipokuwa mahali pamoja, karibu na mwisho: mmoja verandani, mwingine kwenye migomba, na wewe katikati unapika. Chumba namba nne hakikukutisha hivyo. Ulihesabu sahani ukaona inabaki yako na ya mama mkwe, na hakuna tena wa kuambiwa "baba yako anasema." Ukaona ukiificha barua moja, angalau mmoja atabaki.

Sikulaumu kwa kuogopa. Nyumba ikinyamaza inauma, mimi mjane naijua. Nakulaumu kwa kumfanya mwalimu alipe hofu hiyo kwa kalamu yake.

Kwa hiyo fanya hivi. Gazeti hili linatoka Jumamosi, najua hutalifungua mpaka jua la Sabato lizame. Jumapili asubuhi toa ile barua, ipanguse. Mwendee Machogu akurudishie ile kalamu. Kisha nenda verandani, umpe mume wako vyote viwili kwa mkono wako mwenyewe, na useme ulichofanya bila kuanza na mvua wala bei ya majani chai. Atakasirika. Mwache akasirike mpaka amalize, usitoke. Jioni hiyo ni ya nyanya na Machogu; Jumatatu majibu yote mawili yawe posta ya Keroka, na lile sanduku, kama Machogu atashikilia chuo kidogo, fundi Nyasani ana rangi.

Halafu mwambie mume wako la mwisho, ambalo hukuniambia hata mimi. Mwambie, "Mtaniacha peke yangu, na naogopa." Chuo kile hakiko mbali, atakuja mwisho wa mwezi, atakuandikia, na safari hii barua itakuwa yako, utaifungua bila birika. Lakini hatajua kama unazitaka usipomwambia. Usimtume mtoto kulisema, wala nyanya, wala gazeti. Baba na mwana wana chinsoni yao. Mke na mume hawana.