Mstari wa Tito na Mifuko Mitano

Maneromango, Kisarawe
12 Oktoba 2024

Mwanangu Tito,

Bwana Yesu asifiwe. Hujambo? Huku tu wazima, ni goti langu tu linalobishana nami kila asubuhi. Godbless anakuja Soga na lori lake la mihogo, nimempa barua hii maana mambo mazito siyasemi kwenye simu, mtandao unakatika katikati ya neno.

Sikukuu ya mavuno ni tarehe 24 Novemba. Wote niliowafundisha kipaimara watasimama mbele, kila mmoja aseme mstari wake kwa kichwa. Wako ni ule wa Zaburi ya 141, wa kumwomba Mungu aweke mlinzi mdomoni. Unakumbuka nilivyokupa? Ulidokoa korosho kabla hatujamaliza kubangua, utomvu wa maganda ukakubabua midomo, ukanyamaza wiki nzima. Nyumba ilipumzika.

Uje nao moyoni.

Shangazi yako,
Kidawa


Soga, Kibaha
20 Oktoba 2024

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Hilo goti liambie Tito anakuja, litanyooka lenyewe. Mimi mzima kama trekta jipya. Hapa kwenye matofali ya Mzee Mwinyimadi sasa mimi ndiye msimamizi, nina kofia nyekundu. Nikipita, mchanga wenyewe unajipanga.

Kuhusu mstari usihangaike. Biblia nzima ninayo kwenye simu, hata manabii hawakuwahi kutembea nayo hivyo. Shule niliachia la sita, lakini kichwa hakikuacha. Nitausema mpaka mchungaji aombe likizo.

Ngoja nikuchekeshe. Juzi bosi kauliza mifuko mitano ya simenti imekwenda wapi. Nikamwambia, "Muulize Hashiru mchanganya zege, naona nyumba yake inakua kama boga." Watu walishika mbavu. Bosi naye kacheka, ila kesho yake kamfukuza Hashiru. Mzee yule hajui utani kabisa.

Mwanao,
Tito Msimamizi


Maneromango
26 Oktoba 2024

Mwanangu,

Bwana asifiwe. Goti ni lile lile.

Barua yako nimeisoma mara mbili. Mara ya kwanza nilicheka, pale kwenye boga. Mara ya pili sikucheka. Hashiru ni nani? Ana watoto? Amerudi kazini? Na hiyo mifuko iko wapi?

Kilicho kwenye simu kiko kwenye simu, Tito. Mimi sikukufundisha ili ukibebe mfukoni. Nilitaka siku unapotaka kukosea, kikushike kabla ya mimi kufika.

Nijibu hayo manne. Mengine yaache.

Shangazi yako


Soga
11 Novemba 2024

Shangazi,

Shikamoo. Nimechelewa. Niliandika kwamba kazi zilikuwa nyingi, nikafuta, maana hazikuwa.

Siku hizi situlii. Nakaa, nasimama, nakwenda mpaka barabarani bila safari, narudi. Chakula nakitazama tu. Mstari nimeusoma mara hamsini, kila nikifika kwenye mlinzi, unanitoka.

Hashiru ni mtu wa Magindu, mpole. Ndiye aliyenifundisha zege nilipokuja hapa sijui hata kushika koleo. Ana mabinti wawili. Hajarudi, anachunga ng'ombe za watu kwao Magindu, na huko nako wanamwita Mwizi wa Simenti. Jina limefika kabla yake. Mkewe Hajra nilikutana naye bombani kabla hawajahamia huko. Hakunitukana. Alisogeza ndoo yake, akanipisha, akatazama pembeni.

Mifuko niliizika mimi. Siku ile nilitakiwa kuifunika turubai, mawingu yameshakusanyika. Nikaenda stesheni kuwaeleza watu treni ya umeme inavyokwenda, utadhani nyaya nilizifunga mimi. Narudi, simenti imelowa chapa. Ikawa mawe. Nikaifukia chini ya rundo la mchanga, na bosi alipouliza, mdomo ukatangulia.

Nikisema, kofia inakwenda. Labda na kazi. Niombee bosi asahau, Shangazi, nami nitamtafutia Hashiru kibarua kingine.

Mwanao,
Tito


Maneromango
14 Novemba 2024

Tito,

Ombi hilo siliombi.

Godbless anakuletea korosho. Hazijabanguliwa. Nafasi yako mbele nimeiacha wazi, lakini usije kuijaza kwa mdomo mtupu.

Shangazi


Soga
20 Novemba 2024

Shangazi,

Shikamoo. Natumaini goti linaanza kuelewana nawe.

Korosho zilifika Jumamosi, nikazichoma kwenye chungu palepale kazini wakati wa chakula cha mchana. Ule moshi ukanirudisha uani kwako. Vijana wakasogea, bosi naye akaja. Akaniuliza, "Msimamizi, yule mwizi wetu angekuwepo leo, si angebeba na chungu?"

Watu wote wakanigeukia, wanasubiri. Nilikuwa na jibu, Shangazi, jibu tamu, lingewagaragaza. Nikafungua mdomo, midomo ikaniwasha kama siku ile ya utomvu, na mstari ukaja. Wote mpaka mwisho, na simu ilikuwa kwenye chaji.

Nikafunga mdomo. Nikachukua koleo, nikafukua mchanga wanaona. Mfuko wa kwanza ulipotokea nikasema, "Hii hapa. Niliiacha mvuani mimi. Hashiru hakugusa kitu."

Hakuna aliyecheka. Kofia bosi aliivua mwenyewe kichwani kwangu. Jumapili nikaenda Magindu, nikayarudia yale yale mbele ya wale waliokuwa wakimwita lile jina, na mbele ya Hajra. Jumatatu Hashiru karudi kazini. Sasa tunachanganya zege pamoja, koleo kwa koleo. Anaongea nami maneno mawili tu, "maji" na "kokoto". Sijamdai la tatu.

Jumapili nakuja. Nikisimama mbele nikachelewa kuanza, usininong'oneze. Ninao.

Nilikuwa nimeandika na ukurasa mwingine, wa kukueleza jinsi nilivyokuwa shujaa siku hiyo. Nimeuchana.

Mwanao,
Tito